Jina Limeuzwa, Kamera Bado Iko Shingoni

Hapa kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, mvua ndiyo inayomchagulia mpiga picha kamera. Mgeni akisikia Bagamoyo anawaza bahari na minazi. Hii ya kwetu iko Rungwe, nchi ya migomba, chai na ukungu, na kuanzia Novemba hadi Mei mvua hainyeshi kwa ratiba ya harusi. Bibi harusi anatoka kanisani, wingu limeshuka, na picha zinatakiwa vilevile. Unyevu huo ukipenya ndani ya lenzi huotesha kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na lenzi iliyoshikwa hivyo hutoa picha zilizofifia. Lenzi zangu hulala kwenye kabati dogo lenye balbu inayowaka usiku kucha, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu ninavyovikusanya kwenye maboksi ya viatu vipya. Majirani wenye duka la viatu wananiwekea.

Kwa sababu hiyo, nilipopata fedha ya kununua kamera ya kazi nilitafuta inayovumilia maji. Nikachukua Olympus OM-D E-M5 iliyokwisha kutumika, toleo la mwaka 2012. Mwili wake ni wa chuma chepesi, viungio vimezibwa kwa mpira, na ndani yake kuna mtambo unaotuliza mtikisiko wa mkono. Lenzi yake ya milimita 12 hadi 50 nayo imezibwa. Ni ndogo, haichoshi shingo kwenye sherehe inayoanza asubuhi na kuisha usiku wa manane. Nimepiga nayo vipaimara, mahafali, misiba na harusi zisizo na idadi, mara nyingi nikiwa nimelowa mimi na yenyewe imelowa, na haijanigomea.

Tarehe 24 Juni 2020 Olympus ikatangaza kwamba inaiuza idara yake ya kamera kwa mfuko wa uwekezaji wa Kijapani uitwao Japan Industrial Partners. Sababu zilitajwa wazi: idara hiyo ilikuwa imepata hasara miaka mitatu mfululizo. Ukitazama soko lote, hesabu hiyo inaeleweka. Mwaka 2010 watengenezaji wa kamera wa Japani walisambaza duniani kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2019 zilikuwa zimebaki kama milioni 15. Simu za mkononi zilikuwa zimezila nyingine zote. Hata hapa Tukuyu nimeliona hilo kwa macho yangu: watu waliokuwa wanakuja studio kupiga picha ya familia kila Krismasi sasa wanakuja kutaka pasipoti saizi peke yake, nyingine zote wanajipigia.

Lakini hesabu za kampuni ni jambo moja, na moyo wa mteja ni jambo lingine. Habari ile iliniumiza, na iliwaumiza watu duniani kote ambao hawakuwa na hisa hata moja katika kampuni hiyo. Nataka nieleze kwa nini, maana wengi wanadhani ni utoto kusikitikia jina la kiwanda.

Olympus ilianzishwa Tokyo mwaka 1919 na Takeshi Yamashita, ikiitwa Takachiho Seisakusho, na bidhaa zake za mwanzo zilikuwa hadubini. Kamera yake ya kwanza ilitoka mwaka 1936. Aliyeifanya ipendwe ni mhandisi mmoja, Yoshihisa Maitani, aliyebuni Olympus Pen ya mwaka 1959. Kamera ile iligawa kila fremu ya mkanda nusu kwa nusu, hivyo mkanda wa picha 36 ukatoa picha 72. Fikiria maana yake kwa mtu wa kipato cha chini anayehesabu fedha ya mkanda na ya kusafishia. Maitani alikuwa na imani kwamba kamera nzuri si lazima iwe nzito wala ghali, na mwaka 1972 akaithibitisha kwa kamera ndogo ya kitaalamu iliyoitwa M-1. Leica ya Ujerumani ikalalamika kwamba herufi M ni ya kamera zake, na Olympus ikaibadili ile M-1 ikawa OM-1. Kwa hiyo hata jina ambalo leo tunaliona la kale lilizaliwa kwa kubadilishwa.

Mteja anayenunua kamera ya namna hiyo hanunui kitu kimoja kikaisha. Simu ukiichoka unaiuza na kununua nyingine ya kampuni nyingine, hakuna kinachobaki nyuma. Kamera ya kubadilisha lenzi ina pete ya chuma mbele yake, na kila kampuni ina pete yake. Ukishanunua mwili wa kampuni fulani, lenzi zako zote zitakuwa za pete hiyo, na baada ya miaka michache lenzi zinakuwa zimemeza fedha nyingi kuliko mwili. Ongeza betri, ambayo ina umbo lake. Ongeza chaja, flashi, programu ya kufungulia picha kwenye kompyuta, na fundi anayejua kuifungua. Kampuni ikiuzwa, mteja anajiuliza kuhusu vitu hivyo vyote kwa pamoja, wala hana wa kumuuliza.

Wanunuzi wenyewe walikuwa na historia iliyotia watu wasiwasi. Japan Industrial Partners ndiyo iliyochukua kompyuta za Vaio kutoka Sony mwaka 2014, na Vaio iliendelea kuishi lakini ikiwa ndogo sana kuliko ilivyokuwa. Miaka ya karibuni mfuko huohuo umeongoza ununuzi wa Toshiba. Wengi tuliposoma jina lake tulidhani kamera zetu zimepelekwa kufa taratibu.

Mauzo yakakamilika tarehe 1 Januari 2021 na kampuni mpya ikaitwa OM Digital Solutions. Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba kamera zake zitaitwa OM System. Mapema 2022 ikatoka kamera mpya, nayo ikapewa jina la zamani la OM-1, na juu ya paji lake neno Olympus lilikuwepo kwa mara ya mwisho. Kamera zilizofuata zimeandikwa OM System. Olympus yenyewe ipo, inatengeneza mitambo ya hospitali, hasa ile mipira yenye kamera ambayo madaktari huitumia kuangalia tumbo la chakula. Mwaka 2023 iliuza hata biashara yake ya hadubini, ile iliyoanza nayo miaka mia moja iliyopita.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hili la jina kuuzwa kuliko Wajapani. Nani asiyekumbuka mtandao wa simu wa Celtel? Iliingia kwetu mwaka 2001, ikawa Zain Agosti 2008, ikawa Airtel Novemba 2010. Kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim wa Sudan iliuzwa kwa Wakuwaiti mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, nao Wakuwaiti wakaiuzia Bharti ya India shughuli zao karibu zote za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Fedha zote hizo zilipita juu ya vichwa vyetu. Tulichoona sisi ni mafundi wakipaka kuta rangi upya. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na kibao cha studio chenye namba ya 0784, kilichoandikwa siku za Celtel. Rangi ya mtandao ikabadilika mara mbili na namba haikuguswa. Wateja waliendelea kumpigia.

Mobitel nayo iliyoanza miaka ya 1990 ikapita kwenye jina la Buzz, ikawa Tigo, na kwa Tigo ndipo wengi walipozaliwa kifedha, maana Tigo Pesa ilikuwa benki ya mtu asiye na benki. Millicom, mwenye Tigo, akaiuza kwa kundi la wawekezaji linaloongozwa na Axian ya Madagaska, mauzo yakakamilika 2022. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Jina hilohilo la Yas likawekwa pia Madagaska, Senegali na Togo.

Wiki zile nilikuwa nimesimama kwa wakala jirani na studio yangu nikisubiri chenji, akaja bibi mmoja na kitenge chake kifuani, simu ya batani mkononi. Akatazama mwavuli mpya, akatazama fulana ya wakala, akakaa kimya kidogo.

"Mwanangu, wale wa Tigo wamehamia wapi?"

"Ni haohao, bibi. Wamebadili jina tu."

"Na hela zangu?"

"Zipo."

"Nani kakwambia zipo?"

Wakala hakujibu kwa maneno. Aliomba simu, akabonyeza *150*01#, menyu ileile ya siku zote, akampa bibi aweke namba yake ya siri mwenyewe. Salio likatokea. Bibi akalisoma kwa kidole, tarakimu moja moja, kisha akamwomba wakala alisome na yeye kwa sauti. Akasema "ndaga", yaani asante, na kuondoka bila kutoa kitu. Hakuja kutoa hela. Alikuja kuhakikisha zipo.

Vijana waliokuwa pale walicheka. Mimi naona yule bibi aliuliza swali sahihi kuliko wote walioandika makala za kusifu au kuponda rangi mpya. Hakuuliza jina lina maana gani wala nani kanunua nani. Aliuliza kama alichokiweka bado ni chake na kama njia ya kukifikia ni ileile. Mwenye kamera akijiuliza hayohayo atapata jibu la kweli kuhusu nini kimempata.

Kwangu jibu lilikuwa jema. Pete ya lenzi ya OM System ni ileile ya Olympus. Lenzi ninayofunga kwenye kamera yangu ya 2012 inaingia kwenye kamera mpya ya jina jipya bila adapta, na lenzi mpya inaingia kwenye kamera yangu. Kilichokufa ni maandishi. Yanauma, sisemi hayaumi, lakini hayajaniharibia kazi hata ya siku moja.

Msiba mwingine ni mbaya zaidi, nao huja kwa utulivu: jina linabaki, kitu kinaondoka.

Baba mdogo alipigia picha Yashica Mat 124 G. Ni kile kisanduku cha lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unachokitazama kwa kuinamisha kichwa. Mkanda wake ulitoa picha 12 za mraba, na kwa sababu ni 12 tu alikuwa anamweka mteja sawa, anamshusha bega, anamfuta jasho, anasubiri, ndipo anabonyeza. Picha zake za miaka ya themanini bado ziko kwenye kuta za nyumba za Tukuyu, na nyeusi yake bado ni nyeusi. Kampuni ya Kyocera iliinunua Yashica mwaka 1983, ikaacha kutengeneza kamera mwaka 2005, na mwaka 2008 ikauza haki za jina kwa kampuni ya Hong Kong.

Mwaka 2017 jina hilo likarudi. Ilitangazwa kamera iitwayo Yashica Y35, yenye umbo la kamera ya mkanda na vikopo vya plastiki vya kuingiza kana kwamba ni mkanda, na watu waliombwa walipe kabla haijatengenezwa. Walilipa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Wengi wao, nina hakika, walikuwa na baba mdogo kama wangu. Kamera zilipowafikia mwaka uliofuata, walikuta plastiki nyepesi yenye kihisi kidogo kuliko cha simu nyingi za wakati huo, na picha zake zilikuwa mbovu. Malalamiko yalikuwa makali, na yalistahili. Wale watu walikuwa wamemlipa mwenye jina kwa ajili ya kazi nzuri iliyofanywa na wengine miaka hamsini nyuma.

Hapo ndipo ninapokasirika. Jina la chombo hujengwa na watu wawili: anayekitengeneza vizuri na anayekitumia akawaambia wenzake. Maitani alifanya sehemu yake, na wapiga picha wa mitaani wakafanya ya kwao, bila malipo, kwa miaka. Siku ya mauzo, sehemu ya hawa wa pili nayo inauzwa, na hawaalikwi mezani.

Sisemi kila jina lililokodishwa ni la uongo. Kodak ilifilisika Januari 2012, na kamera nyingi ndogo za kidijitali zenye neno Kodak sasa hutengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo JK Imaging kwa leseni, jambo ambalo halifichwi. Polaroid ilipoacha kutengeneza karatasi zake za picha mwaka 2008, kundi la wapenzi wake liliokoa kiwanda cha mwisho kule Enschede, Uholanzi, wakatengeneza upya kemikali zilizokuwa hazipatikani tena, na hatimaye jina lenyewe likaja mikononi mwao. Hao walianza na kitu, jina likawafuata. Lakini mnunuzi wa kawaida wa Kariakoo au wa Mbeya mjini hawezi kujua kwa kutazama boksi kama jina analolishika ni la kweli au la uongo. Mimi niliwahi kununua betri ya akiba yenye jina kubwa la zamani, silitaji, nikaamini jina. Ilivimba ndani ya kamera nikiwa kwenye send-off, ikakwama, ikabidi fundi aitoe kwa kibanio huku nimeazima kamera ya mwenzangu kumalizia kazi.

Turudi kwenye pete, maana humo ndimo kinga ya mteja ilimo. Minolta ya Japani, iliyoungana na Konica mwaka 2003, ilitangaza Januari 2006 kwamba inaacha kamera na kuiachia Sony. Sony ikatoa kamera yake ya kwanza ya Alpha mwaka huohuo ikiwa na pete ya Minolta ya mwaka 1985, na wenye lenzi za Minolta wakaendelea kuzitumia kwa miaka mingi. Kinyume chake, Kyocera ilipofunga duka mwaka 2005, wenye lenzi zake za Contax N, ghali mno, zenye vioo vya Zeiss, walibaki nazo bila kamera mpya ya kuzifunga. Canon haikuuzwa kwa mtu yeyote, jina lake halikuguswa, na bado mwaka 1987 ilibadili pete, lenzi zote za zamani zikakataa kuingia kwenye kamera mpya. Wapiga picha walikasirika kama watu waliofiwa. Jina lilikuwepo palepale.

Pete ya kamera yangu ina bahati ya pekee: haikuwa ya Olympus peke yake. Mwaka 2008 Olympus na Panasonic walikubaliana kutumia kipimo kimoja, Micro Four Thirds, na wengine wakaruhusiwa kuingia. Ndiyo maana mauzo ya 2020 hayakuweza kutufungia mlango. Hata kama mnunuzi angeamua kufunga kiwanda siku ya pili, lenzi zetu zingehamia Panasonic. Linganisha na simu. Tarehe 1 Machi 2017 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilianzisha utaratibu wa mteja kuhama mtandao bila kubadili namba. Tangu siku hiyo namba ni yako kweli: kampuni ikiuzwa, ikibadili jina, ikikuudhi, unaondoka na namba yako na wateja wako wote wanaendelea kukupata. Kwenye kamera hakuna mamlaka ya kulazimisha jambo hilo. Lipo pale tu ambapo kampuni zimekubaliana zenyewe, na ni chache.

Ningependa wanunuzi wetu waulize hilo kabla ya kuuliza picha ina megapikseli ngapi. Waulize pete hii inatumiwa na nani mwingine. Waulize betri inapatikana wapi, ya kiwanda au ya kuiga. Waulize fundi aliye karibu ni nani, na hapa kwetu karibu maana yake ni Mbeya. Mtu anayeuza kamera na hawezi kujibu maswali hayo anauza maandishi ya kwenye paji.

Kijana anayejifunza kwangu amekusanya fedha ya kamera yake ya kwanza, na alitaka Olympus kama yangu au OM System kwa sababu ameona inavyostahimili mvua. Nilimtuma azunguke kwanza kwa wapiga picha wa Tukuyu na Kiwira, aandike kila mmoja ana kamera gani na lenzi gani. Alirudi na karatasi. Karibu wote wana Canon za pete ya EF, ile mpya ya mwaka 1987. Tukakaa tukapiga hesabu: akiwa na pete hiyo, lenzi ikimharibikia asubuhi ya harusi anapiga simu na bodaboda inamletea nyingine kabla bibi harusi hajamaliza kupambwa. Akiwa na pete yangu, mtu wa kumwazima ni mmoja tu mjini hapa, naye ni mimi, na huenda siku hiyo niko kwenye harusi yangu.

Amenunua Canon. Nimempa mfuko wa plastiki mgumu na mipira ya kuufungia, auvalishe kamera mvua ikianza.